Kupima Dawa ya Kichina ya Msongo wa Mawazo

Leo tuko China, tunaifuata dawa iitwayo Xiaoyao San, iliyoandikwa enzi ya wafalme wa Song, takriban miaka 900 iliyopita. Ni mchanganyiko wa mizizi kadhaa, tangawizi na majani ya mnanaa. Waganga wa huko husema kwa mwenye msongo wa mawazo, nguvu ya mwili, ile waiitayo qi, imekwama kwenye ini, na dawa hii huizibulia njia.

Je, inatibu kweli? Mtafiti wa Kichina Tu Youyou alipochunguza mmea wa qinghao, mmea uliozaa kiungo cha dawa mseto ya malaria tunayoimeza hapa kwetu, vimelea vilihesabika kwa darubini. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Msongo hauna kimelea. Tena mganga wa Kichina hakukabidhi dawa ukaondoka: hukushika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo kwa vidole vitatu, akatazama ulimi, akauliza unalalaje. Mtu aliyesikilizwa hivyo huenda akapata nafuu kabla hajaonja kitu.

Ndiyo maana watafiti huwagawa wagonjwa kwa kura. Wote huhudumiwa sawa, ila wengine hupewa dawa tupu isiyo na kiini, na si mgonjwa wala mpimaji anayejua nani kapata ipi. Lakini utaigaje uchungu na harufu ya mizizi iliyochemshwa? Wengine huifungia kwenye kapsuli, waganga nao hulalamika kwamba hiyo si dawa yao. Mimi naona wana hoja, ingawa haiwaondolei wajibu wa kuthibitisha. Majaribio mengi ya China yametoa matokeo ya kutia moyo, ila mengi ni madogo na hayakuficha vizuri nani kapewa nini.

Kuna jambo jingine, nalo hunichekesha kidogo. Watafiti hupenda kupima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate. Sasa, ndani ya Xiaoyao San mna mzizi mtamu uitwao gancao, ambao wenyewe hukawiza mwili kuivunja kotisoli. Kwa hiyo dawa inaweza kuvuruga kipimo kinachoipima!

Mzizi huohuo, ukitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu, hupandisha presha na kushusha potasiamu mwilini. Wewe unayemeza dawa za presha, ukiuziwa mitishamba ya Kichina, uliza kama ina gancao, na umwambie daktari wako kabla hujainywa.