Beringi za Gari Kuukuu: Kipimo Kwanza



Tumekutana kuzungumza juu ya kitu kidogo kinachoingia katika kiganja cha mkono, nacho ni beringi ya gurudumu. Kila fundi wa kisiwa hiki aijua kazi hii. Laja gari kuukuu la Kiingereza, beringi zake zimeliwa na kutu ya hewa ya bahari, na spea zake ni shida kupatikana. Spea zilizo tele Mombasa ni za magari ya Japani, kwa kuwa ndiyo yashukayo kwa wingi Kilindini. Basi mwenye gari husema, "Tafuta yoyote, iingize."

Hapo ndipo penye hatari. Magari mengi ya kale ya Uingereza yalipimwa kwa inchi, na ya Japani hupimwa kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25.4. Kwa hiyo beringi yenye tundu la milimita 25 haiingii katika ekseli ya inchi moja. Tofauti ni milimita 0.4 tu, na udogo wake ndio unaotutia katika majaribu. Tundu likiwa dogo, ekseli hupigwa tupa. Duara la nje likiwa dogo, habu huvikwa bati.

Ndugu zetu, tuyakatae yote mawili. Ekseli iliyopigwa tupa si mviringo tena, nayo imepunguzwa nguvu pale pale inapobeba uzito wa gari. Bati nalo husagika, beringi ikaanza kuzunguka ndani ya habu, ikapata moto, na mwisho gurudumu hutoka. Gari la namna hiyo laweza kwenda polepole katika Ndia Kuu wala lisionyeshe kitu. Likivuka daraja la Nyali kwa mwendo, habari ni nyingine.

Njia ya haki ni hii. Tupime vitu vitatu: tundu la ndani, duara la nje, na upana. Tusome nambari iliyopigwa juu ya beringi, kisha tutafute yenye kipimo hicho hicho. Ikikosekana, habu yaweza kutiwa bushi iliyokerezwa, ikiwa pengo latosha. Pengo la milimita 0.4 likigawanywa pande mbili ni 0.2, na hiyo si bushi, ni bati tu. Pete ya nje ikae imara katika habu. Pete ya ndani, kwa magurudumu ya mbele ya magari hayo, iingie kwa mkono bila kucheza. Beringi za rola za mshazari zikazwe huku gurudumu likizungushwa, kisha nati ilegezwe kidogo na kutiwa pini mpya. Pini ya zamani itupwe.

Sasa twaja kwenye jambo la chama. Wako matajiri wasemao kupima ni kupoteza wakati. Hawanunui kipimio, hawalipi saa ya kazi hiyo, lakini gurudumu likitoka aulizwaye ni fundi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yatutaka tumwarifu msimamizi tuonapo hatari kubwa mahali petu pa kazi. Fundi alalaye chini ya gari, na yule alitoaye kulijaribu barabarani, wamo hatarini kabla ya mwenye gari.

Kwa hiyo twadai mambo matatu: kila gereji iwe na kipimio chake, saa ya kupima ilipwe kama saa ya kazi, na vipimo viandikwe katika karatasi ya kazi, pamoja na jina la aliyeamuru. Tajiri akisema bati latosha, na aandike hivyo kwa mkono wake. Tukisema hivyo sote, hapana fundi atakayefukuzwa peke yake.