Jino la Kupandikizwa Likitoa Damu

Leo tuzungumze juu ya meno ya kupandikizwa, yale ambayo daktari hutoboa mfupa wa taya, akatia mzizi wa chuma, kisha akafunga jino la bandia juu yake.

Mama mmoja wa Bumala anatuuliza hivi. Mama yake mzazi aliwekewa meno mawili ya namna hiyo huko Nairobi miaka 9 iliyopita. Sasa akipiga mswaki, ufizi wa mahali hapo unatoka damu. Maumivu hana. Majirani wanamwambia chuma hakiozi, kwa hiyo asijisumbue.

Dada yangu, chuma kweli hakiozi. Mzizi huo hutengenezwa kwa titaniamu, na mfupa hukua ukaushika kabisa. Mgonjwa wa kwanza kutiwa mizizi ya namna hii, Gösta Larsson wa Uswidi, alitiwa na Dkt. Per-Ingvar Brånemark mwaka 1965, akaitumia hadi alipofariki mwaka 2006. Tafiti zinaonyesha kwamba kati ya mizizi 100, zaidi ya 90 huwa ingali mdomoni baada ya miaka 10. Baada ya miaka 20 hubaki kama 4 kati ya kila 5. Lakini kuwa mdomoni si kuwa na afya. Katika hesabu hiyo imo pia mizizi ambayo ufizi wake unatoka usaha.

Kinachoharibika ni nyama na mfupa unaouzunguka. Ukoga ukikaa pale, ufizi huvimba na kutoka damu. Hapo bado ni mapema, na kusafishwa vizuri huweza kuurudisha hali yake. Ukiachwa, ugonjwa hushuka na kula mfupa polepole, na mfupa ulioliwa ni vigumu kurudi. Mara nyingi haya hutokea bila maumivu yoyote. Kwa hiyo usingoje nyanya alalamike. Mwangalie mwenyewe: damu, usaha, harufu mbaya, ufizi ulioshuka hadi chuma kikaonekana.

Jino likichezacheza, pengine ni skrubu ya juu tu iliyolegea, na daktari huikaza. Pengine ni mzizi wenyewe umeachwa na mfupa. Wewe nyumbani huwezi kujua tofauti, picha ya eksirei ndiyo husaidia. Na tafadhali, asipelekwe kwa mng'oa meno wa sokoni. Mzizi wa chuma ulioshikana na mfupa hauvutwi kwa koleo kama jino la kawaida. Taya linaweza kuvunjika.

Nyanya apimwe sukari pia. Kisukari kisichodhibitiwa huupa ugonjwa huu nguvu, na tumbaku vilevile, iwe sigara au ugoro. Huwa tunawauliza wazee juu ya sigara na kusahau ugoro.

Jambo lingine ambalo watu wa mpakani wanapaswa kulijua. Kampuni zinazotengeneza mizizi hii ni nyingi, na skrubu ya moja huenda isiingie kwa nyingine. Wako waliotibiwa ng'ambo ya Malaba, na binti zetu waliowekewa meno wakifanya kazi Uarabuni. Wakirudi na skrubu ikalegea, daktari wa hapa hukwama kwa kutojua ni ya nani. Ombeni kadi yenye jina la kampuni, ukubwa na tarehe, muiweke pamoja na kitambulisho.

Kwa anayefikiria kuwekewa sasa: jino moja hugharimu pesa nyingi, na gharama haiishii siku hiyo, kwa sababu utarudi kuchunguzwa na kusafishwa, walau mara moja au mbili kwa mwaka. Kama nauli hiyo haipo, meno ya bandia ya kuvaa na kuvua si aibu. Mimi ningemwambia mama auze ng'ombe kwa sababu nyingine. Na daktari aulizwe cheti chake cha usajili cha Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Kijana ambaye taya lake bado linakua asiwekewe, maana taya litakua na jino libaki chini.

Sasa, dada wa Bumala. Mpeleke mama wiki hii kwa daktari wa meno, na kadi yake kama ipo. Usiku huu apige mswaki laini palepale panapotoka damu, taratibu, asipakwepe. Wengi hupakwepa kwa woga, na ukoga ukazidi. Asikwangue ugaga kwa sindano wala kwa kisu. Na dawa za kuua viini zilizobaki kwa jirani, asimeze.

Kwaherini.