KAZI ZA KUPANUA AKILI: KIPINDI KIMOJA KILA JUMA

Maneno ya kamati ya elimu ya tawi, yaliyosomwa mbele ya wanachama



Mikutano yetu mingi huwa ni ya mishahara, saa za kazi na makato, na ndivyo ipasavyo. Leo tumepewa nafasi tuseme juu ya watoto wetu walio katika shule ya msingi. Mtu asidhani kwamba tumetoka nje ya mambo ya chama. Sehemu kubwa ya mshahara wa mfanyakazi huishia shuleni. Basi ni haki yake kuuliza: fedha hii inamnunulia mtoto nini?

Jambo letu ni moja tu. Katika kila darasa wamo watoto wanaomaliza kazi mapema. Mwalimu akiandika hesabu kumi ubaoni, mtoto huyu amefika ya kumi na wenzake wako ya nne. Dakika zilizobaki anazifanyia nini? Mara nyingi hupewa hesabu kumi nyingine za namna ile ile, kana kwamba anaadhibiwa kwa wepesi wake. Au hukaa bure, akaanza kuwachokoza wenzake, na mwisho wa muhula inakuja habari nyumbani kwamba mtoto ni mtundu. Wako na wengine ambao hujifunza jambo baya zaidi. Hujifunza kwenda polepole ili wasiongezewe kazi. Hila hiyo sisi wafanyakazi tunaijua vizuri, wala haikuanzia shuleni.

Mtoto wa tajiri akiwa mwepesi namna hii, baba yake humnunulia vitabu na kumtafutia mtu wa kumfundisha. Mtoto wetu hana pengine ila darasa lake. Likimpita huko, limempita.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikihesabu watoto wenye mahitaji maalum, inawataja pamoja nao watoto wenye vipawa visivyo vya kawaida. Kwa hivyo tukiwasemea, hatuombi zawadi.

Sheria hiyo hiyo inakataza tuisheni ya likizo. Mwenye kuivunja aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Twalisema hili mapema kwa sababu wanachama wengi wakisikia neno “kupanua akili” hufikiri ni tuisheni kwa jina jipya. Sivyo. Tuisheni ilikuwa ni kumrudisha mtoto katika maswali yale yale hadi ayajue kwa moyo, kwa ajili ya mtihani wa KCPE. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Tusiendelee kulipia mazoea yake.

KAZI HIZI NI ZIPI

Kazi ya kupanua akili ni kazi ya namna nyingine, wala si kazi ileile iliyoongezwa wingi. Mwaka 1977 Joseph Renzulli, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Connecticut huko Marekani, alitoa mpango wake wa kazi hizi, akazigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza, mtoto huonyeshwa mambo ambayo hayamo katika masomo ya kila siku, ili aone ni lipi linalomvuta. Fungu la pili, hufunzwa mbinu: kupima, kuuliza, kuandika anachokiona, kufikiri kwa taratibu. Fungu la tatu, hushika swali la kweli, akalichunguza kama mtu wa kazi hiyo, na matokeo yake akawapelekea watu wanaohitaji kuyajua.

Katika mpango wa Renzulli uliopanuliwa baadaye, shule hutenga saa maalum katika juma. Watoto wa madarasa mbalimbali wanaopenda jambo moja hukutana na mtu mzima anayelijua jambo hilo. Angalieni maneno hayo, “anayelijua jambo hilo.” Haikusemwa lazima awe na shahada. Fundi wa mbao anajua kupima. Mwenye kushona nguo anajua kukata kitambaa bila kupoteza. Watu hao wamejaa katika ukumbi huu.

MAJUMA MANANE

Tumepanga kazi nane za watoto wa Gredi ya 4 hadi ya 6, kila juma moja, katika kipindi cha dakika 35. Tumechagua zile zisizohitaji kununua kitu. Wazazi wamekwisha kuchoka na safari za jioni za kutafuta manila na kulipia picha za kuchapishwa.

Juma la 1. Chekeche ya namba. Mtoto aandike namba 1 hadi 100 katika mistari kumi. Aifute 1. Aiache 2, kisha afute kila namba inayogawanyika kwa 2. Afanye hivyo kwa 3, kwa 5 na kwa 7. Zitabaki namba 25, nazo ni namba tasa. Njia hii ni ya Eratosthenes, aliyetunza maktaba kubwa ya Alexandria huko Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Swali la kupanua ni hili: kwa nini tumesimama kwenye 7? Mwalimu asimwambie. Mtoto ataona mwenyewe kwamba inayofuata ni 11, na 11 mara 11 imekwisha kupita 100.

Juma la 2. Mraba wa namba tisa. Chora vyumba tisa, vitatu kwa vitatu. Weka namba 1 hadi 9, kila moja mara moja, ili kila mstari, wa kulala, wa kusimama na wa kukingama, ujumlike 15. Mtoto akifaulu aulizwe: je, namba yoyote yaweza kukaa katikati? Atatafuta, na ataona ni 5 peke yake.

Juma la 3. Kokoto za bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32. Weka kokoto moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, na kuendelea hivyo kuzidisha mara mbili. Shimo la kumi litataka kokoto 512, na darasa litaanza kucheka. Shimo la 32 litataka 2,147,483,648. Mtoto aliyeiona hesabu hii kwa mikono yake hatadanganywa upesi na mwenye kukopesha kwa riba.

Juma la 4. Kivuli. Simamisha kijiti cha mita moja uwanjani, pima kivuli chake. Wakati ule ule pima kivuli cha mlingoti wa bendera. Ikiwa kivuli cha kijiti ni sentimita 60 na cha mlingoti ni mita 3, mlingoti una mita 5, na hakuna aliyeupanda. Kazi hii ikifanywa mwisho wa Machi au wa Septemba, watoto wapime kivuli tena baada kidogo ya saa sita mchana. Kwa kuwa nchi yetu imepitiwa na ikweta, watakikuta kivuli karibu kimeingia chini ya kijiti. Eratosthenes yule yule alitumia vivuli kuupima mzunguko wa dunia.

Juma la 5. Kumhoji mzee. Watoto waandike maswali kumi, kisha wamwalike mzee aliyefanya kazi katika reli, bandarini au shamba la chai. Wamwulize aliamka saa ngapi, alilipwa kiasi gani, mshahara ule ulinunua nini. Wampe nafasi ya kumaliza maneno yake, nao waandike. Baadaye wayapange maneno yake kwa miaka. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani, palipo Kisumu, mwaka 1901. Je, mzee alizaliwa miaka mingapi baadaye?

Juma la 6. Hati ya mshahara. Iandikwe ya mfano, isiyo ya mtu. Mshahara shilingi 20,000, makato 2,350, kinachobaki ni 17,650. Ikiwa amefanya kazi saa 200, saa moja ni shilingi 100. Saa ya ziada ikilipwa mara moja na nusu, saa sita za ziada zitamletea ngapi? Mtoto atapata 900. Kisha apewe hati yenye kosa ndani yake, alitafute. Sisi wenyewe wengi wetu hatukufundishwa kazi hii shuleni.

Juma la 7. Mfereji unaovuja. Hili ndilo fungu la tatu lenyewe. Watoto waweke kopo chini ya mfereji wa shule unaodondoka. Tuseme kwa dakika 10 wamepata mililita 250. Hiyo ni lita moja na nusu kwa saa, na lita 36 kwa siku moja, karibu mitungi miwili ya lita 20. Waandike barua fupi kwa mwalimu mkuu yenye hesabu hiyo. Ikiwa mifereji yote ni mizima, walitafute jambo jingine la shule yao linalopimika.

Juma la 8. Maonyesho. Kila mtoto asimame mbele ya wazazi aeleze kazi moja aliyoichagua, na aulizwe maswali. Asipewe alama. Mtu anayejua kwamba kazi yake itatazamwa na watu huifanya kwa namna nyingine kabisa.

JE, HUKU SI KUBAGUA?

Tunajua swali hili litatoka, na ni zuri. Chama kilichoundwa kwa usawa hakiwezi kuomba kipindi cha wateule. Jibu letu ni kwamba mlango usifungwe kwa alama za mtihani. Renzulli mwaka 1978 aliandika kwamba kazi kubwa hutoka mahali vitu vitatu vinapokutana: uwezo uliozidi ule wa wastani, moyo wa kushikilia kazi, na ubunifu. Alama za mtihani huonyesha kidogo kile cha kwanza, na mara nyingi hazionyeshi kabisa viwili vingine. Mtoto wa alama za chini aliyetengeneza gari la waya lenye usukani unaogeuka amekwisha kuonyesha ubunifu na moyo wa kazi.

Kwa hivyo kazi za majuma manne ya kwanza zifanywe na darasa zima. Anayevutwa aendelee mbele, hata kama jana alikuwa wa mwisho. Asiyevutwa asilazimishwe wala asichekwe. Huenda likamvuta jambo jingine muhula ujao.

MWALIMU NAYE NI MFANYAKAZI

Hapa twaomba mtusikilize kwa makini. Kuna wazazi watakaosema: mwalimu na aje Jumamosi awafundishe hawa watoto. Ndugu zetu, hatuwezi kuzipigania saa zetu wenyewe kisha tukamdai mwalimu kazi ya bure siku yake ya mapumziko. Darasa lake lina watoto wengi, naye ana madaftari ya kusahihisha usiku. Tukimwongezea mzigo bila malipo, tumefanya yale yale tunayoyalaumu kwa waajiri.

Tunachoomba ni kipindi kimoja ndani ya juma la shule, katika saa za shule, nasi wazazi tuende kumsaidia. Wanachama wanaofanya kazi za zamu hupata siku za mchana zisizo na kazi. Wastaafu wetu wako nyumbani. Mtu mmoja akitoa dakika 35 mara moja kwa muhula, na wenziwe saba wakafanya hivyo, majuma manane yamejaa. Mwalimu abaki mwenye darasa lake. Sisi ni wasaidizi, si wakaguzi.

TUNALOOMBA MKUTANO

Kwanza, tawi liandike barua kwa halmashauri za shule wanakosoma watoto wetu, kuomba kipindi hicho muhula ujao.

Pili, kila mwanachama aliye tayari kusaidia ampe karani jina lake, kazi aijuayo, na siku zake za mapumziko. Barua ipelekwe pamoja na orodha hiyo, ili shule ione kwamba tumeleta mikono pamoja na maneno.

Tatu, asiwepo mzazi wa kutozwa hata senti kwa kipindi hiki. Siku kitakapoanza kulipiwa, kitakuwa kimegeuka tuisheni, na mtoto wa mfagiaji atakuwa wa kwanza kubaki nje.

Ndugu wanachama, tumezoea kudai nyongeza ya mshahara, na tutaendelea kuidai. Akili ya mtoto wa mfanyakazi nayo yataka nyongeza yake, na nyongeza hii haingoji mkataba mpya. Yataka kokoto, kijiti, kopo na mtu mzima wa kukaa nao dakika 35. Kalamu na karatasi ziko mezani kwa karani. Anayekubali aandike jina lake kabla hajatoka.

Umoja ni nguvu.