Jeshi la Japani katika Burma, na Ng'ombe Waliotwaliwa



Katika vijiji vyetu, toka Shinyanga hata machimbo ya dhahabu ya Geita, Burma si jina geni, maana askari wa Tanganyika walipigana huko mwaka 1944 na 1945. Ushujaa wao umesimuliwa mara nyingi. Leo twataka kueleza habari za adui waliyemkabili, kwa kuwa zina fundisho kwa kila mwenye kuamrisha watu.

Wajapani waliitwaa Burma mwaka 1942. Mwezi wa Machi 1943 wakaweka mkuu mmoja juu ya majeshi yao yote katika nchi ile, Jemadari Kawabe, makao yake Rangoon. Mwezi wa Agosti Waburma wakapewa uhuru wa jina tu. Nguvu ilibaki kwa jeshi. Jeshi likatwaa mpunga, tena likatwaa watu wa kujenga reli ya Siam, na maelfu wakafa kazini.

Chini ya Kawabe alikuwako Jemadari Mutaguchi, aliyetaka kuingia Bara Hindi na kuuteka mji wa Imphal. Askari wake walichukua chakula cha majuma matatu hivi. Kwa ajili ya mizigo na nyama, maelfu ya ng'ombe walitwaliwa kwa wakulima. Ninyi wafugaji mwajua mambo yalivyokuwa: wengi walikufa maji katika mto Chindwin, wengine wakaanguka milimani. Na mkulima akabaki na jembe lake, hana maksai wa kulivuta.

Imphal haikutekwa. Mwezi wa Juni 1944 Kawabe akaenda kuonana na Mutaguchi. Wote wawili walijua ya kuwa vita imeshindikana, wala hapana aliyethubutu kulitamka neno la kurudi nyuma. Mutaguchi alisema baadaye kwamba alitumaini mkubwa wake ataisoma habari hiyo usoni pake. Amri ya kurudi ikatoka mwezi wa Julai, na huku njaa na maradhi vikiua watu kila siku. Walikufa wapata 30,000.

Ndipo Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipowafuata katika bonde la Kabaw, mvua ikinyesha na matope yakifika magotini. Ndani yake zilikuwamo batalioni za Tanganyika, ya 26 na ya 36 za K.A.R. Njiani walikuta maiti za watu waliokufa kwa njaa. Tarehe 2 Desemba 1944 wakaingia Kalewa, na njia ya kuvuka Chindwin ikafunguka.

Tarehe 27 Machi 1945 jeshi la Waburma wenyewe, likiongozwa na Aung San, likawageukia Wajapani. Mwezi wa Aprili Jemadari Kimura, aliyeshika mahali pa Kawabe, akaukimbia Rangoon. Baada ya vita akahukumiwa, akanyongwa mwaka 1948.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Mkubwa akiwatisha walio chini yake hata wasimwambie kweli, hulipa wadogo. Basi tukiwakumbuka askari wetu, tumkumbuke na mkulima yule aliyenyang'anywa ng'ombe zake, na kila mwenye amri ajiulize: je, watu wangu waweza kuniambia neno nisilolipenda?