UKIOA AU KUOLEWA NG'AMBO YA MUTUKULA

(Mazungumzo tuliyofanya na wahitimu wa kisomo, Miembeni, Bukoba)



Jioni ya leo tulipanga kuzungumza juu ya kuandika barua. Tumeliweka kando jambo hilo. Juma lililopita, baada ya somo, mama mmoja alibaki darasani wenzake walipoondoka. Alikuwa amefunga karatasi katika pindo la khanga. Akazifungua mezani, akatuuliza: "Mwalimu, mimi ni mtu wa wapi?"

Tulidhani anatania. Mama huyu ana wajukuu hapa hapa. Kihaya anakijua kutushinda sisi. Kahawa ya mumewe ameichuma misimu zaidi ya ishirini. Lakini alizaliwa Uganda, akaletwa huku bibi harusi, na tangu siku hiyo hajaomba kibali wala uraia. Ametuachia tuieleze habari yake, bali jina lake tulinyamazie.

Wengi wetu tunadhani kwamba mahari ikishalipwa na ndizi zikishaliwa, mwanamke amekwisha kuwa mtu wa nchi ya mumewe. Kwa ukoo ni kweli. Kwa serikali, sivyo. Uraia hauji pamoja na ngoma ya harusi. Unaombwa, kwa karatasi, na anayeuomba ni mwenye haja.

Hatuwalaumu wazee wetu. Mpaka huu si wao waliouchora. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana huko Ulaya, wakapiga mstari ulionyooka kutoka ziwani kwenda magharibi. Mstari haukuuliza nani ni shemeji wa nani. Watu wa huku na wa Ankole na Buganda waliendelea kuoana kama kwamba haupo. Lugha zinasikilizana, chakula ni ndizi ile ile. Nani angefikiria karatasi?

Lakini mpaka ukikasirika, unauma. Mnakumbuka, au mmesimuliwa, mwaka 1978. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yaliingia huku, daraja la Kyaka likavunjwa, na vita havikwisha mpaka mwaka uliofuata. Kwa waliokuwa na wakwe ng'ambo, shemeji wa jana akawa mtu wa nchi ya adui.

Tena lipo la karibu zaidi. Mwezi wa Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani mkoani Kagera, aliwapa wageni wasio na vibali siku 14 waondoke au wahalalishe ukaazi wao. Mwezi wa Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu ya watu waliondoka. Walikuwamo wahalifu wenye silaha, ndiyo. Lakini walikuwamo pia wake na waume wa Watanzania. Ziko nyumba ambazo mama alivuka mpaka na watoto wakabaki na baba. Jirani alijua kwamba yule ni mke wa fulani. Ofisa aliyetoka mbali hakujua, akauliza karatasi.

Basi sheria inasemaje? Tusikilizane vizuri hapa, maana ndipo penyewe.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa nchi nyingine aliyeolewa na raia wa Tanzania haki ya kuomba uraia. Anaweza kuomba wakati wo wote *maadili mumewe yu hai*. Sheria imeyataja maneno hayo ya uhai wa mume. Mume akifariki, mlango huo umefungwa. Mjane atatakiwa apitie njia ndefu ya mgeni ye yote: awe amekaa nchini mfululizo miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa miaka isiyopungua 7, tena ajue Kiswahili au Kiingereza na awe na tabia njema. Na mwenye kukaa bila kibali atathibitisha vipi kwamba amekaa?

Mwanamume wa nje aliyeoa binti wa Tanzania hana mlango ule mfupi hata kidogo. Yeye tangu mwanzo ni njia ndefu. Sisi twaona hapo pana upungufu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haitofautishi: mke au mume, miaka 7 ya ndoa. Katiba ya Uganda ya 1995 nayo inawataja wote wawili. Lakini sheria ni hiyo iliyopo, na mtu hupanga safari kwa barabara iliyopo.

Mama yule alipotusikia akakaa kimya, kisha akasema, "Mzee wangu anaugua presha." Hatukumjibu neno.

Mwingine atasema: lakini siku hizi tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki! Kweli, kuvuka kumekuwa rahisi. Pale Mutukula kituo cha pamoja kilifunguliwa rasmi Novemba 2017. Lakini kuvuka ni jambo moja na kuhamia ni jingine. Mwenye kuhamia kwa mumewe anahitaji kibali cha kukaa kama mtegemezi wake, mpaka apate uraia. Na asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi ya 1999. Fikiria mjane huyo siku ndugu wa mume watakapokuja kupima kibanja kwa hatua.

Watoto wasiwatie hofu. Aliyezaliwa Tanzania, mzazi wake mmoja akiwa raia, ni raia. Na binti yenu akiolewa Uganda akazaa huko, mtoto ni raia wa Tanzania kwa kurithi, ikiwa mama ni Mtanzania wa kuzaliwa. Kitafuteni cheti cha kuzaliwa mapema. Binti mwenyewe asikimbilie uraia wa huko kabla ya kuuliza. Uganda inaruhusu uraia wa nchi mbili, Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Aulize kwanza huku atapoteza nini.

Sasa karatasi. Ya kwanza ni cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya kimila, lakini inawataka wenye ndoa waiandikishe ndani ya siku 30. Najua, wengine siku 30 zenu zimepita na miaka 30 juu yake. Nendeni hata hivyo ofisi ya Mkuu wa Wilaya mkaulize la kufanya. Nendeni wote wawili, pamoja na barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Mkilipa ada, dai stakabadhi.

Na hapa kisomo chenu kinafanya kazi. Tulipozisoma karatasi za mama yule, cheti cha ubatizo kina jina lake kwa herufi mbili za "t". Kadi ya kliniki ina "t" moja. Barua ya mwenyekiti imemwita kwa jina la mumewe. Kwa ofisa, hao ni wanawake watatu. Someni kila karatasi kabla ya kuondoka dirishani, herufi kwa herufi, na mkiona kosa msione haya kusema.

Mzee mmoja pale nyuma aliuliza swali ambalo wote mlikuwa nalo: "Akijitokeza, si watamkamata?" Hatuwezi kuwaahidi ofisa atasema nini. Tunaloweza kusema ni kwamba mtu aliyekwenda mwenyewe, na mumewe ubavuni na barua mkononi, ana cha kujieleza kuliko aliyekutwa shambani.

Mama yule ameandika barua yake ya maombi mwenyewe, kwa mkono wake, mistari saba. Tumemsahihishia maneno mawili tu. Jumatano mzee atavaa kanzu yake, watapanda gari la asubuhi pamoja kwenda Uhamiaji.