Kabla ya Dodoso
Mhadhara wa umma uliotolewa Nansio, Ukerewe



Ripoti za utafiti wa afya katika Kanda ya Ziwa zina sentensi moja inayopenda kukaa ukurasa wa mwisho. Kichocho hakipungui mialoni: jamii ielimishwe. Wajawazito wanachelewa kuanza kliniki: jamii ielimishwe. Wanaume hawaji kupima virusi vya UKIMWI: jamii ielimishwe. Hapo ndipo sisi wa fasihi, historia na sosholojia tunapopigiwa simu. Daktari amemaliza kazi, takwimu zimekwisha kuchambuliwa, sasa anatafutwa mtu wa kutunga igizo. Nimekuja Nansio kudai kwamba simu hiyo hupigwa kwa kuchelewa, na anayeumia kwanza kwa ucheleweshaji huo ni sayansi yenyewe.

Nianze na sifa, maana zinastahili. Mwanza ni jina kubwa katika historia ya utafiti wa UKIMWI duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), shirika la AMREF na wenzao wa chuo cha tiba za kitropiki cha London walilinganisha jamii 12 za vijijini mkoani humu. Katika sita, matibabu ya magonjwa ya zinaa yaliboreshwa ndani ya zahanati na vituo vya afya vilevile vilivyokuwepo: wahudumu wakafundishwa, dawa zikafika kwa wakati, usimamizi ukafanyika kweli. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet. Maambukizi mapya ya virusi yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40. Hakuna mtambo wa ajabu ulioletwa. Kisonono, kaswende na pangusa vilitibiwa vizuri, palepale mtu alipozoea kwenda.

Mwaka 1999 wenzetu wa Rakai, Uganda, wakatoa matokeo yao. Wao walipita nyumba kwa nyumba wakigawa dawa kwa wote, wenye dalili na wasio nazo, na maambukizi ya virusi hayakupungua. Wataalamu wamejadili sana kwa nini: pengine janga la Rakai lilikuwa limekwisha kukomaa, pengine magonjwa yenyewe yalitofautiana. Sibishani nao. Ila mimi, mtu wa hadithi, huvutwa na jambo ambalo takwimu hulipita haraka: Mwanza walimtibu mtu aliyefunga safari mwenyewe akaja kusema anaumwa. Nyuma ya safari ile kuna mazungumzo. Kuna mume au mama mkwe aliyeshauriwa, na kuna dawa ya nyumbani iliyojaribiwa kwanza. Nani aliyaandika mazungumzo hayo?

Ukitaka kujua dodoso linavyoweza kutuchezea, tazama mradi uliofuata mkoani humuhumu, MEMA kwa Vijana, uliofundisha afya ya uzazi katika shule za msingi na kuandaa huduma rafiki kwa vijana. Vijana walijua mengi zaidi baada ya mafunzo, lakini maambukizi ya virusi hayakupungua. Kilichonigusa zaidi ni kazi ya pembeni ya mradi huo. Watafiti walilinganisha njia tano za kupata ukweli wa tabia za vijana: vipimo vya mwili, mahojiano ya ana kwa ana, dodoso la kujijazia mwenyewe, mazungumzo marefu, na kuishi nao. Wasichana wengi ambao vipimo vilionyesha wamekwisha kujamiiana hawakusema hivyo kila walipoulizwa. Watafiti vijana wa Kitanzania waliokwenda kukaa katika kaya za vijijini, wakachota maji na kulima na wenyeji, ndio waliopata picha inayoeleweka: zawadi na fedha katika mapenzi, siri ambayo kijiji kizima kinaijua, heshima ya mzazi inayolindwa kwa kutosema. Mary Plummer na Daniel Wight waliyakusanya hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 2011. Msichana aliyejibu "hapana" mbele ya mgeni mwenye karatasi alikuwa na adabu zake. Tukimwita mwongo, tumekosa kusoma kilicho mbele yetu.

Niwape mfano wa nyumbani kabisa. Mvuvi wa dagaa hafuati kalenda ya ofisini. Anafuata mwezi. Giza likiingia anawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi za sola, na dagaa wanaifuata nuru. Mbalamwezi ikikomaa, taa haina kazi. Nyavu zinashonwa, watu wanarudi kwao, fedha zinatumika. Sasa timu ya utafiti inafika mwaloni saa nne asubuhi wakati wa giza. Wanaume wamelala, kwa kuwa usiku kucha walikuwa majini. Wanawake wanatandaza dagaa kwenye mchanga na hawana dakika ya kupoteza, maana mvua ikinyesha mali yote imeoza. Kesho yake timu inaandika kwamba mwitikio wa wanaume ulikuwa mdogo. Wangefika baada ya siku kumi na kitu wangekuta kijiji kingine kabisa: wanaume barazani, pombe, mapenzi, madeni yakilipwa. Swali linalohusu "siku 30 zilizopita" linachanganya vijiji hivyo viwili kuwa kimoja. Haihitaji shahada kulijua hili. Mtoto wa mwaloni angekwambia.

Kichocho nacho ni hivyohivyo. Tunajua vizuri njia ya kimelea: kinyesi hadi majini, majini hadi kwa konokono, kwa konokono hadi ngozi ya binadamu. Tunajua dawa yake, prazikwanteli, na tunajua kwamba haimkingi mtu asiambukizwe tena akirudi majini. Basi kumwambia mama wa mwaloni aepuke maji ya ziwa ni kumwambia aepuke mlo. Kambi ya wavuvi imejengwa juu ya mwamba au mchanga usioshika shimo la choo, mwenye eneo ni mtu mwingine, na wakazi huhama samaki wanapohama. Hilo ni suala la ardhi, ujenzi na mapato, na linataka watu wa fani hizo wakae meza moja na mtaalamu wa minyoo.

Sasa nije kwa mwenyeji wetu. Aniceti Kitereza alizaliwa hapa Ukerewe mwaka 1896, mtu wa ukoo wa watemi, akasoma misheni ya Kagunguli kisha seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Mwaka 1945 alikamilisha, kwa Kikerewe, riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Padri Almas Simard alikuwa amemtia moyo aandike kwa lugha yake. Wachapishaji hawakuitaka lugha yenye wasomaji wachache, na mswada ukakaa. Uzeeni, mwili ukiwa umechoshwa na maradhi ya viungo, alikaa akaitafsiri yote mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa katika majuzuu mawili mwaka 1980. Mwandishi akafariki 1981, kabla nakala hazijamfikia. Baadaye ndugu yake, Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa kisiwa hiki na mwandishi, aliifasiri kwa Kiingereza.

Wahakiki huisifu riwaya hii kama hazina ya mila. Ni kweli, ila sifa hiyo inaifungia kabatini. Mimi naisoma kama kumbukumbu ya kina kuhusu ugumba. Ndoa haina mtoto. Ndugu wa mume wanasema ovyo, wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Mume, badala ya kuoa mwingine kama anavyoshinikizwa, anamfuata mkewe ukweni, anatozwa pombe ya ndizi kama faini, anaitengeneza kwa msaada wa majirani, na kurasa nyingi zinapita kabla hatujafika kwa mganga. Msomaji wa haraka huchoka hapa. Mtu wa afya asichoke, maana tiba imekwisha kuanza: watu wanaotakiwa kukubaliana wanakubalishwa, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1978 mwanaanthropolojia John Janzen aliandika kutoka Kongo kuhusu kundi la ndugu linaloamua mgonjwa aende wapi, akaheshimika sana kwa hoja hiyo. Mkerewe alikuwa amekwisha kuiweka katika hadithi tangu 1945.

Na hakuiandika akiwa mbali na jambo lenyewe. Yeye na mkewe Anna walizika watoto wao wote wakiwa wadogo.

Tuunganishe na yale ya mwanzo. Kisonono na klamidia visipotibiwa huziba mirija ya uzazi. Zahanati zilizoboreshwa katika ule utafiti wa 1995 zilikuwa, bila kutangaza, zahanati za kuzuia ugumba pia. Mwanamke wa kijijini asiyepata mtoto anabeba lawama yote, anaweza kuachwa, anaweza kutafuta mimba kwa mwanaume mwingine, na hapo hatari ya virusi inaongezeka. Anayemjua Bugonoka anaielewa njia hiyo. Anayejua bakteria peke yake anaiona nusu.

Kitereza ndiye pia aliyemwongoza mwanahistoria Gerald Hartwig aliyekuja hapa miaka ya 1960. Hartwig aliandika mwaka 1971 kuhusu uchawi Ukerewe, na hoja yake bado inanitikisa. Hofu ya uchawi, alisema, iliongezeka katika karne ya 19 pamoja na biashara ya masafa marefu: pembe zikatoka, bidhaa na utajiri wa ghafla vikaingia, na maradhi mapya yakaja kwa njia zilezile. Watu walikufa kwa namna wasiyoizoea, wengine wakitajirika kwa namna wasiyoizoea. Kwa hiyo kile tunachokiita mila potofu, kana kwamba kimekuwepo tangu dunia iumbwe, kina tarehe na kina sababu. Mtu wa afya anayelijua hilo atauliza kilichobadilika kijijini mwaka huu kabla ya kukemea.

Habari za mumiani ni za aina hiyo. Mtafiti anatoboa kidole, jioni uvumi umeshafika gulioni kwamba damu inauzwa. Luise White aliziandikia kitabu kizima mwaka 2000, akizichukulia hadithi hizo kama ushahidi wa kihistoria. Na ziwa hili lina kumbukumbu. Robert Koch, bingwa wa kifua kikuu, alipita Mwanza mwaka 1906 akielekea visiwa vya Sese, Uganda, kutafuta tiba ya malale. Aliwachoma wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye aseniki, na baadhi yao wakapofuka. Babu aliyesimulia kwamba wageni wenye sindano walipofusha watu hakuwa akitunga ngano.

Upo pia mfano wa simu iliyopigwa mapema. Tohara ya wanaume inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa virusi, lakini kwa Wasukuma na majirani wao wengi haikuwa desturi, na maswali ya waumini yalikuwa ya Biblia: je, Paulo hakutuondolea hayo? Watafiti waliofanya kazi na hospitali ya Bugando, Mwanza, waliandaa semina kwa viongozi wa makanisa, mchungaji na tabibu wakifundisha pamoja, sayansi na maandiko kwa uzito mmoja. Matokeo ya vijiji 16, yaliyotoka katika Lancet mwaka 2017, yalionyesha kwamba palipofanyika semina zaidi ya nusu ya wanaume walitahiriwa, na kwingine chini ya theluthi. Theolojia haikuitwa kupamba. Ilijibu swali ambalo daktari hakuwa na haki wala ujuzi wa kulijibu.

Ninachopendekeza ni kidogo. Timu ya utafiti wa afya ya ziwa iwe na mtu wa historia au fasihi siku maswali yanapotungwa, mwenye kauli ya kufuta swali. Wanafunzi wa tiba wanaoletwa visiwani kwa mafunzo ya vitendo wasome angalau juzuu la kwanza la Kitereza, na wahojiwe kama wanavyohojiwa anatomia. Matokeo yasomwe mwaloni, usiku usio wa kuvua, na anayepinga aandikwe kuwa amepinga. Fedha? Miradi mingi ina fungu la fulana na kofia za uzinduzi. Tuanzie hapo, tuone wangapi watalia.

Nimesema vya kutosha. Atakayependa kuuliza kwa Kikerewe, Kijita au Kikara aulize. Wakalimani wamekaa hapa mbele, na kila swali litaandikwa kama lilivyoulizwa.