Mahame Yana Wenyewe: Utalii wa Musoma, Bunda na Butiama



Naanza na neno moja. Itongo, kwa Wazanaki na jirani zao, ni hame: mahali palipokuwa na mji, watu wakahama, makaburi na jina vikabaki. Mwitongo, pale Butiama alipozikwa Mwalimu Nyerere, ni neno hilohilo. Kwa mgeni, hame ni pori tu. Kwa mwenyeji, lina ukoo na lina miiko. Hoja yangu leo ni kwamba vivutio vyetu vingi ni mahame ya namna hiyo, na kwa kuwa hatusimulii ni ya nani, mgeni huona pori akapita zake.

Tuanzie Bunda. Ukipanda basi la Mwanza kwenda Musoma, keti dirisha la kulia. Utapita mbele ya lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1951, ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, na tangu 1981 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuanzia Mei nyumbu husogea kuelekea mto Grumeti, na watu huvuka bahari kuja kuwatazama. Lakini mgeni anayeshuka kwa ndege ndogo humohumo hifadhini anaweza kukaa siku nne na kuondoka bila kununua hata ndizi moja Bunda.

Tena mbuga hizo za Serengeti zina mahame. Wazee wa Ikoma, Nata, Ishenyi na Ikizu wana majina ya vilima na vijito walikoishi na kuwinda babu zao kabla mipaka haijachorwa. Waikizu wana mlima Chamuriho, na wana habari za Nyakinywa, mwanamke mwenye nguvu za mvua aliyetoka Kanadi, Usukuma, ambaye utemi wa Ikizu humtaja kuwa asili yake. Mlima huo bila Nyakinywa ni mawe na miti. Na mahame hayajakoma kuzaliwa: miaka hii ya karibuni wakazi wa Nyatwali, Bunda, wametakiwa kupisha ili wanyama wa Serengeti wapate njia ya kufika ziwani. Kesho mgeni atapiga picha tembo akinywa maji pale. Nani atamwambia kwamba palikuwa na mashamba?

Sasa twende Butiama. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule alipofariki London, tarehe 14 Oktoba. Kaburi lake liko karibu na ya wazazi wake, Mtemi Burito na Mama Mgaya. Hapohapo jirani kuna msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wanauheshimu kuwa makao ya mzimu wao. Mtu mwenye haraka humaliza yote hayo kabla chai haijapoa.

Basi tusimpe mgeni kaburi peke yake, tumpe njia. Mwaka 1934 Nyerere, mtoto wa miaka 12, alitoka Butiama kwenda kuanza darasa la kwanza Mwisenge, mjini Musoma. Kwa umri huo, leo tungesema amechelewa. Miaka 40 baadaye, Novemba 1974, chama alichokiongoza kilikutana Musoma hiyohiyo, kikatoa Azimio la Musoma: kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi kufikia mwaka 1977. Mji uliompokea mtoto aliyechelewa ndio ulioazimia kwamba asichelewe mwingine. Shule ya Mwisenge ipo na inafundisha mpaka leo. Mgeni akitembea njia hiyo kutoka Butiama, akafika Musoma miguu imemvimba, hatahitaji kibao cha maelezo.

Na akifika asilale mapema. Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa huwasha taa ziwani, na ukisimama kwenye mawe ya ufukweni utadhani kuna mji wa pili juu ya maji. Asubuhi, dagaa haohao wameanikwa, na akina mama wanawageuza kwa mikono huku wakibishana bei. Huo ni utalii usiohitaji lango.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, majina ya mahame yaandikwe, kijiji kwa kijiji, wazee wangali hai. Pili, anayemwongoza mgeni awe kijana wa mahali hapo, na alipwe. Tatu, wenyewe waulizwe: yapo maeneo, kama Muhunda, ambayo heshima yake ni kutoingiwa ovyo, na kivutio kisichoheshimiwa hugeuka jalala.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona kwa habari asiyoijua. Kwa hiyo wanafunzi wangu, mkirudi likizo, kabla hamjamwonyesha mtu simba, muulizeni bibi au babu swali moja: hame letu liko wapi? Kisha mwende mkalione kwa macho yenu.